Uyoga wa Bure na Boksi la Bi Fusae

Nogami Tetsuo alikuwa ameegemea gari lake nje ya duka, kando ya barabara ya kuingilia mji wetu wa Maebashi, anakula tonge la wali lililofungwa kwa mwani, aliposikia injini inapita huku inapumua kwa adabu. Akaacha kutafuna. Mjini kwetu magari ya aina ile hayapumui kwa adabu hata kidogo. Yanafoka, yanapiga miluzi, yanaamsha watoto wachanga, kwa sababu vijana wa enzi zile waliling'oa lile boksi jeusi la kiwandani linaloficha chujio la hewa, wakalitupa, wakafunga uyoga. Uyoga ndiyo lile chujio la umbo la uyoga kweli, linalokaa uchi chini ya boneti. Leo vijana wale wana vitambi, kiwanda hakitengenezi tena boksi lile, na mwenye nalo anatafutwa na watu wazima wenye akili zao.

Akageuka. Kupe nyeupe, gari la milango miwili, inang'aa, na aliyeshika usukani ni bibi mwenye kofia ya jua na glavu nyeupe, mbele yake barabara tupu, nyuma yake foleni.

"Tumeula," Nogami akaliambia tonge lake.

Lazima nimtetee kidogo. Nogami hakuwa mwizi. Kuitwa hivyo angekataa mpaka kesho. Alikuwa mtu wa kuuza machujio na mabomba ya hewa kutoka kwenye buti la gari, miaka nenda rudi, mvua yake jua lake, na alichotamani duniani ni duka lenye mlango. Na mlango ulikuwepo. Daktari Isomura, mtengeneza meno, alikuwa na kupe kama ile ile, imekamilika kila kitu isipokuwa boksi, na maonyesho ya magari ya kale yalikuwa yanakaribia. Alisema mbele ya watu: atakayeniletea boksi, chumba cha chini ya kliniki ni chake, na kodi tutaelewana. Siku hiyo hiyo Nogami alikwenda kuchonga bango. NOGAMI, PUMZI YA GARI LAKO. Tangu hapo anatembea nalo kwenye buti.

Basi akaifuata kupe mpaka uani kwa bibi. Akajitambulisha kwa mikono miwili na kadi ya kazi, akainama mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Bibi alikuwa Ukai Fusae, mjane, na gari lilikuwa la marehemu mumewe.

"Bibi, samahani sana, nimeshindwa kujizuia," Nogami akaanza. "Gari lako linasikitisha. Linapumulia puani na mafua juu."

"Masikini," akasema Bi Fusae. "Na mimi nikadhani limetulia."

"Kutulia gani, bibi. Limechoka. Ngoja nikuonyeshe."

Akafungua buti, akatandika mkeka, akapanga mali yake. Bi Fusae akavaa miwani, akainama kama anayechagua samaki.

"Huu wa wavu wa chuma bei gani?"

"Kwako bure. Nina kampeni ya wazee. Nafunga bure, na lile boksi bovu nakwenda kulitupa mwenyewe, usihangaike."

"Bure," bibi akarudia, polepole. "Lakini wavu wa chuma, mwanangu, upepo wetu wa baridi ukianza kushuka mlimani na vumbi lote la mashamba, si utapita humu ukaingie kwenye injini?"

Nogami akakohoa. "Kuna wa sponji."

"Sponji si inaoza? Huu mweupe je?"

"Wa pamba. Unafuliwa, unapakwa mafuta, unatumika tena."

"Huo. Ila utakaa wazi pale, ubavuni mwa injini. Si utavuta hewa ya moto? Bora lile boksi bovu."

Hapo mtu mwingine angejiuliza bibi wa glavu nyeupe ameyajulia wapi haya. Nogami hakujiuliza, maana alikuwa anaona mlango wa duka. Ilimbidi atoe seti nzima, ile aliyoitunza kwa ajili ya mteja wa maana: uyoga wa pamba, kinga ya bati ya kuzuia joto, na bomba la kuleta hewa baridi kutoka nyuma ya bampa. Moyo ulimuuma, akatabasamu.

"Na hilo bango la nini?" Bi Fusae akauliza, akichungulia buti.

"La duka langu, bibi. Nafungua karibuni."

"Hongera. Mbao nzuri. Sasa mwanangu, maadamu unakwenda kutupa vitu..."

Kutupa kitu kikubwa mjini kwetu ni mtihani. Unapiga simu manispaa, unapangiwa siku, unanunua stika, unabandika, unabeba mwenyewe mpaka nje. Televisheni na mashine ya kufulia ndiyo usiseme, unalipia zaidi. Kwa hiyo kila nyumba ina chumba ambacho mlango wake haufunguki vizuri. Bi Fusae aliufungua wa kwake kwa bega.

"Televisheni ya marehemu," akasema. "Na ile nyingine. Mashine ya kufulia. Kiti cha kukanda mgongo, hicho kizito kidogo."

"Bibi, mimi nilisema boksi tu."

"Aa. Basi acha. Nitamwita kijana wa manispaa, atachukua na boksi humo humo."

"Nakuja kesho asubuhi na kirikuu," Nogami akasema.

Akaja na kigari cha mizigo, kirikuu cha kukodi, mgongo bado haujui kinachousubiri. Kwanza akafanya kazi yake. Akafungua klipu, akalegeza mpira, na boksi likatoka zima, halina ufa, na lebo yake ya kiwandani bado inasomeka. Akafunga uyoga, bati na bomba, tena vizuri, maana kazi alikuwa anaijua.

"Lete nilifute," Bi Fusae akasema, akilichukua boksi. "Siwezi kumpa mgeni kitu kichafu."

"Ni takataka, bibi."

"Hata takataka."

Akaingia nalo ndani. Nogami akabaki anapambana na kile kiti. Alipomaliza, anahema, bibi alikuwa amesimama mlangoni na furushi, limefungwa kwa kitambaa cha hariri cha zambarau, fundo limekaa katikati sawasawa. Alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko boksi. Ameniwekea na machungwa, akawaza, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma. Kulifungua? Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa. Nogami alikuwa tapeli, lakini mama yake alimlea.

Jalalani foleni ilikuwa ndefu. Alilipia televisheni ya kwanza, akalipia ya pili, akalipia mashine, na kiti wahudumu walikikataa kama mzigo wa biashara mpaka akasema ni cha bibi yake. Akiwa hapo kwenye foleni alisikia kupe inapita barabarani, inafyonza hewa kwa mbwembwe, na akajisifu kimoyomoyo. Amefunga vizuri.

Alasiri akaingia kliniki, furushi kifuani. Daktari Isomura alikuwa gereji, nyuma, na boneti ya kupe yake imefunguliwa. Ndani yake, safi, limekaa boksi jeusi, lebo inasomeka.

"Umechelewa, kaka," daktari akasema, macho yamemlegea kwa furaha. "Bi Fusae amelileta asubuhi hii. Kumbe kosa langu. Mimi nikishika meno ya mtu huwa nasimulia magari, na yeye nimemtengeneza meno msimu mzima. Nimemweleza kila kitu: boksi, pamba, sponji, hewa ya moto. Nikadhani hasikii, maana hawezi kujibu. Siku nimemaliza, amefunga mdomo, akafungua, akasema: boksi ninalo, ila gari langu litapumulia nini? Nitasubiri uyoga wa bure."

Nogami akakaa kwenye tairi. "Na chumba?"

"Amechukua yeye. Anataka kuuza oden, ile ya figili na mayai kwenye mchuzi. Mchuzi wake umetulia, nimeuonja."

Nogami akafungua fundo. Ndani mlikuwa na jiko la umeme la kupikia wali, halina mfuniko, na kwenye ubavu wake stika ya manispaa, imelipiwa. Hiyo moja bibi aliilipia mwenyewe.

"Kitambaa usisahau kumrudishia," daktari akamkumbusha.

Alikifua. Akakipiga pasi. Na kwa kuwa kitambaa hakirudishwi kitupu, alinunua machungwa, akayafunga, akaenda nayo mpaka chini ya kliniki, ambako Bi Fusae alikuwa anasugua sakafu. Hasira zote alizojiandalia njiani zilikwisha mlangoni, maana bibi alimpakulia bakuli la figili na yai, mchuzi unafuka, akamketisha kwenye kreti kabla hajasema neno.

"Umenipiga, bibi," Nogami akasema, mdomo umejaa.

"Gari linapumua vizuri sana. Fundi wewe, hilo sikufichi." Akamwongezea figili. "Lile bango lako, upande wa nyuma limeandikwa?"

Nogami akatafuna, akameza. "Halijaandikwa."

"Lilete," Bi Fusae akasema. "Na brashi. Nyuma tutaandika ODEN."