Mheshimiwa Amehakikiwa

Kwa furaha kubwa, na kwa nakala nne, Idara ya Uwiano wa Sauti za Kike katika Habari za Uchaguzi ilitangaza kwamba imevuka lengo. Lengo lilikuwa asilimia hamsini. Idara ilipata mia.

Siri ilikuwa lugha yenyewe. Mkurugenzi wa Idara aligundua, akiwa kwa kinyozi, kwamba neno "alisema" halionyeshi jinsia. Basi kila "alisema" iliyoletwa mezani kwake akaihesabu kuwa ya mwanamke, mpaka mwenye nayo alete ushahidi wa kinyume. Hakuna aliyeleta. Nani ana muda huo?

Alhamisi asubuhi akaingia mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili, binti ambaye ofisi nzima ilimwita Kiherehere. Gazeti la chuo lilikuwa linakwenda mtamboni jioni, na kura ni Jumamosi. Bila muhuri wa Idara, habari ya uchaguzi haichapwi.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, binti. Karibu, ila usikae. Kiti kina faili."

Alileta kurasa nne. Tatu zilikuwa hotuba za Mheshimiwa diwani, anayetetea kiti chake kwa kuahidi uwanja wa ndege katika kata ambayo hata kunguru hukosa pa kutua. Ya nne ilikuwa mahojiano na fundi cherehani anayegombea kiti hichohicho. Huyu aliahidi mlango. Choo cha wanawake sokoni kilikuwa hakina mlango mwaka wa tatu sasa, na kina mama walikwenda wawili wawili, mmoja akishika shuka. Waandishi wakubwa walishamfuata fundi mara moja, wakamuuliza akishinda watoto atamwachia nani, wakafunga madaftari.

Mkurugenzi aligonga hotuba za Mheshimiwa sentensi kwa sentensi, pa, pa, pa: SAUTI YA KIKE, IMEHAKIKIWA. Alipofika kwa fundi, akaweka muhuri chini.

"Huyu hapiti."

"Hapiti kivipi? Si mwanamke?"

"Ndilo tatizo lake. Safu ya kike imejaa. Nikimwongeza tunakuwa mia na tatu, halafu wakubwa waseme tumepika takwimu."

"Lakini mzee, humo yumo Mheshimiwa peke yake!"

"Una ushahidi ni mwanamume?"

"Ana ndevu mpaka kifuani!"

"Ndevu hazimo kwenye sentensi, binti."

Machozi yakamlengalenga Kiherehere. Alikuwa amemwahidi fundi, na gazeti jingine kabla ya kura halipo. Mkurugenzi, baba wa mabinti wanne, roho ilimuuma kweli, ila kanuni ni kanuni.

Kiherehere akapangusa pua. "Na safu ya kiume?"

"Tupu! Usinikumbushe. Nimeshaandikiwa barua."

"Basi si umweke huko? Na yeye ni 'alisema' tu."

Mkurugenzi akausoma ukurasa mara mbili. Hakuona neno la kumzuia. Akautoa muhuri ambao haujawahi kuguswa, akaupuliza vumbi, akagonga: SAUTI YA KIUME, IMEHAKIKIWA.

"Unaona?" alisema kwa upole. "Ofisi hii haina roho mbaya."

Kanuni inataka ukurasa uchapwe pamoja na mihuri yake. Ijumaa saa nne soko lote lilikuwa limesoma. Ukurasa wa fundi ulikunjwa vizuri, ukaingia mikobani. Zile tatu za Mheshimiwa kina mama walizigundisha pamoja, wakazitundika chooni, na choo kikawa na mlango.

Saa tano Mheshimiwa akaingia Idarani akihema, Kiherehere nyuma yake na daftari.

"Nani kanifanya mwanamke?"

"Hukufanywa, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, akisimama kwa heshima. "Umehakikiwa."

"Futa sasa hivi!"

"Rufaa ni siku tisini. Fomu zimeisha."

"Kura ni kesho, wewe!"

Kiherehere akainua kalamu. "Mheshimiwa, ukishinda, watoto utamwachia nani?"

Ndevu zilitetemeka. "Watoto gani! Nina sera mimi! Nina uwanja wa ndege! Andika nilivyosema, neno kwa neno!"

Kiherehere alifunga daftari taratibu.

"Ningependa sana, Mheshimiwa. Ila safu ya kike imejaa."

"Ni kweli," alisema Mkurugenzi. "Nimehesabu mwenyewe."