Alhamisi za Kocha Kabichi

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefika Bodry. Mji mdogo, joto kama ndani ya soksi. Lakini chuo kimepata mtu! Kocha mpya wa viungo wa timu ya futiboli ya Kimarekani ni mimi, Thurman Gaskins, niliyeiona dunia: Tulsa, Fargo, na wiki mbili nzima Kanada. Chuo sikumaliza. Chuo ndicho kilichoshindwa kunimaliza mimi.

Jimu nzuri. Vyuma vizito, vijana wazito zaidi. Nimepuliza kipenga mpaka njiwa wakahama paa. Kocha Mkuu Ledbetter kanipa kazi ya kwanza: wazuiaji, yale majitu ya mbele yanayovaa helmeti na kugongana vifua na wapinzani, yamenenepa na kuwa mazito ya miguu. Niyapunguze. Nikamwambia ahesabu limekwisha.

Nyumba niliyopangishwa ina mwangwi. Nilipoingia nilijibishia hodi. Nikajikaribisha.

Jumanne, 19 Agosti

Hotuba! Nimepiga marufuku chochote kilichokaangwa, chochote chenye sukari, na chochote kinachong'aa kwa mafuta. Kabichi nimeisifia robo saa nzima. Kuna mmoja, Tremell, bega lake moja tu ni friji; machozi yalimlenga. Nikajua nimemgusa moyo.

Mchana nikapata habari. Hapa Bodry, kila Alhamisi jioni, kila kocha huwalisha vijana wa kikosi chake nyumbani kwake. Walinzi kwa kocha wa walinzi, wakimbiaji kwa kocha wa wakimbiaji. Wazuiaji huenda kwa Purvis Hallmon, kocha wao, ambaye mkewe, Bi Earlene, hukaanga kambare wa kusimuliwa wajukuu. Nikawauliza vijana, kwa kocha wa viungo huenda nani? Wakatazamana. Mmoja akasema, "Aah, kocha, wewe si wa wote?"

Wa wote! Maana yake nimeielewa jioni, nikila mkate na jibini, wima, mbele ya sinki.

Basi nimekata shauri. Wazuiaji watakuwa wangu. Anayewalisha wazuiaji ndiye mwenye timu. Hao wengine ni mapambo. Nimeazima viti vinane kanisani. Mchungaji kauliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Asubuhi nimewatangazia wazuiaji karamu kwangu: kidari cha ng'ombe kilichoiva kwa moshi, saladi ya viazi, pai ya pichi. Kisha Tremell akauliza, kwa adabu zote, kabichi itakuwa mbichi au ya kuchemsha. Nikasema hakuna kabichi. Nikaapa kwa mama yangu mzazi. Nyuma kuna mtu akanong'ona, "Oyaa, mtego wa Kocha Kabichi huo! Kula hiyo nyama uone. Kesho unasukuma toroli la vyuma mpaka pai itoke." Wengine wakaitikia mmm, kama kwaya.

Ndivyo nilivyojua jina langu jipya mjini. Kocha Kabichi.

Hata hivyo nimepika. Saa kumi na mbili jioni nikakaa barazani na aproni yangu safi. Magari yalipita moja baada ya jingine, yote yakielekea kwa Hallmon. Moja likapunguza mwendo. Nikasimama, nikatengeneza uso. Lilikuwa linampisha mbwa.

Ijumaa, 22 Agosti

Mizani haina urafiki. Nimewapima wazuiaji wote, na hakuna ambaye hajaongezeka. Kambare! Tremell kajitetea kuwa ni uzito wa viatu. Alikuwa pekupeku.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kocha Mkuu kumshtaki Hallmon. Nikasema kuna nyumba mjini humu inahujumu kazi yangu kwa mafuta ya moto. Akanisikiliza kwa huruma. Halafu akaniuliza, "Kwani jana ulikuwa wapi, Thurman? Vile vitumbua vya mahindi vimekupita hivi hivi?" Naye alikuwepo!

Kutoka nje, namkuta Hallmon koridoni. Hana kinyongo hata kidogo, jambo linaloudhi sana. Kasema, "Kaka, mama watoto alikufunikia sahani mpaka ikapoa. Mbona hukutokea?" Nikamjibu sikualikwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema Alhamisi, Bodry, hakualikwi mtu. Mtu anafuata harufu.

Ujanja mtupu. Anataka mimi niwe mgeni, yeye awe mwenyeji! Gaskins hafuati harufu ya mtu.

Gaskins hutengeneza harufu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimelivuta jiko langu la moshi kwa pikapu mpaka nyuma ya uwanja wa mazoezi, upande upepo unakotokea. Kidari kimeiva polepole tangu alfajiri. Alasiri wazuiaji wakaingia uwanjani. Moshi ukawafuata.

Mzuiaji anatakiwa agande kama nguzo mpaka mpira uanzishwe. Akitikisika kabla, ni kosa. Leo walitikisika wote. Tremell alitikisika kuja kwangu.

Kocha Mkuu akageuka rangi ya nyanya. Kawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka jua likachoka. Kila wakipita mbele ya jiko langu wananitupia neno. "Kabichi, Mungu anakuona!" "Yaani kaja kutuchomea nyama tuione tu! Mtu huyu ana roho gani?" Mimi nikawapungia uma.

Walionikalia karibu ni wapiga teke watatu. Kazi yao ni kuupiga mpira kwa mguu mara chache katika mechi, basi. Mazoezini huzubaa pembeni, na kocha wao wenyewe hawana. Mmoja, Lachlan, katoka Australia, mrefu na mwembamba kama fimbo ya pool. Wakanisaidia kuni. Tukabishana. Lachlan kasema kwao nyama hugeuzwa kila mara. Nikamwambia ndiyo maana wakamleta mbali hivi. Wakacheka hao! Hawakuondoka mpaka mazoezi yalipokwisha.

Nimewaambia wakitaka waje kesho, wajaze viti. Wazuiaji wakipita wakaona watu, watavutika. Chambo.

Alhamisi, 28 Agosti

Wazuiaji, hakuna. Wapiga teke, watatu, mapema, nywele zimechanwa kwa maji. Lachlan kaleta ua kwenye chungu. Sijawahi kuletewa ua. Nimeliweka juu ya friji, nikalihamishia dirishani, nikalileta mezani, nikalirudisha dirishani.

Wamekula kana kwamba nyama ingeweza kughairi. Nikawasimulia Kanada. Wakaniomba nirudie pale pa dubu! Duniani hakuna aliyewahi kuniomba nirudie Kanada. Nikarudia. Dubu kaongezeka urefu.

Baadaye Lachlan akasema, bila kulalamika, kwamba mwaka wa pili huu kila Alhamisi wanakula kantini, na wahudumu wanawapandishia viti juu ya meza wakiwa bado na vijiko mdomoni. Nikainuka kwenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Nilikaa huko jikoni kidogo.

Nimewafungia nyama yote iliyobaki. Mlangoni wakauliza kama Alhamisi ijayo waje tena. Nikafikiri haraka, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyetembea. Viti ni vinane. Wazuiaji wakija wakavikuta vimekaliwa na watu wembamba, si watageuza? Nikasema Alhamisi ijayo nina wageni wazito. Lachlan kasema, "Poa, kocha, hamna noma." Alipofika kwenye gari akanipungia.

Kijana mzuri. Akinenepa nitamfikiria.

Alhamisi, 4 Septemba

Wiki nzima nimewalainisha wazuiaji. Jumatatu nimeruhusu sukari. Jumanne nimeruhusu siagi. Jana Tremell kanikumbatia, mbavu bado zinauliza kulikoni. Nikawakumbusha karamu. Wakasema, "Tutaona, kocha." Kwangu mimi hiyo ni ahadi.

Kidari cha leo kimevishinda vyote vilivyotangulia. Nimepanga sahani nane. Giza lilipoanza kuingia, gari likasimama! Nikatoka mbio, taulo begani.

Wapiga teke. Hawakuzima injini. Lachlan kateremsha kioo, kasema kuanzia leo Alhamisi wanakula kwa Hallmon. Bi Earlene kasikia habari za kantini, akaugombeza mji mzima, akawachukua. Na ndiye aliyewatuma. "Kasema tusirudi bila wewe, kocha. Tremell anakushikia kiti, na unavyomjua, hawezi kukishika muda mrefu."

Nikasema siwezi, nina wageni. Wakachungulia nyuma yangu. Wakauliza wako wapi. Nikasema wako njiani.

Lachlan akazima injini, akasema basi watakaa nami mpaka hao wageni wafike. Nikamwambia nenda, mwanangu, kambare akipoa ni soli ya kiatu. Wakaondoka polepole sana, kama watu wanaosubiri kuitwa. Mkono niliunyanyua. Nikajikunia sikio.

Nimekula sahani yangu. Nimeonja ya jirani, isionekane imedharauliwa.

Jioni haikupotea lakini. Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona: wazuiaji wameshaharibiwa, hawafai. Niwachukue wakimbiaji! Mke wa kocha wao hajui kupika hata chai. Nimethibitisha kwa watu wawili. Alhamisi ijayo wako kwangu wote. Kesho naanza nao jimu, na hotuba nimeiandaa, kali kuliko ile ya kwanza. Waniogope kwanza, ndipo waje kula.