Goti Langu na Mashine Inayonguruma

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimetoka Migori, kwenye utafiti wa magoti. Sista Dorine amerudia yale yale: wengine tunawekewa mashine ya kweli, wengine inayonguruma tu, ili walinganishe. Hata yeye hajui nani kapata ipi. Nimembembeleza, nimemtega, nimemsifia kitambaa cha kichwani. Wapi! Mwanamke wa chuma yule.

Lakini lazima nijue. Jumapili binti yangu Bhoke anaolewa. Nitacheza ngoma yetu ya jadi juu ya viatu vya mbao au nitakaa kitini kama mgeni? Shemeji Elkana naye yuko utafitini, anajigamba yake ndiyo ya kweli. Mtu wa kelele!

Jumatano, 6 Agosti
Kikao cha mwisho. Nimefaulu! Nilificha siagi kwenye nailoni nyuma ya goti. Mashine ikiwa ya kweli, joto lake litayeyusha siagi. Imeyeyuka hadi kwenye soksi! Tena ilianza nikiwa bado mapokezi. Nguvu gani hiyo, inafika mpaka mlangoni!

Nimerudi nyumbani Kegonga natembea kama askari. Nimempa Elkana pole, nikamwambia yeye ni kikundi linganishi. Hakujua maana yake, yaani wenye ya kunguruma tu. Kaumia sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Aibu! Tumeitwa Migori, bahasha za nani kapata ipi zimefunguliwa. Elkana: ya kweli. Mimi: ya kunguruma. Palepale goti likagoma. Nimerudishwa na boda hadi mlangoni.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Dorine aniwashie tena ile ya uongo. Akakataa. Akasema wiki zote hizi nilipopanda ngazi zake, ni miguu yangu mwenyewe iliyopanda. Nyumbani nimelia kidogo. Bhoke ameniona.

Jumapili, 10 Agosti
Nilikaa kitini hadi saa nane. Bhoke akaja na viatu vya mbao, akapiga magoti na gauni lake jeupe, akanivalisha. Akasema baba, simama tu, utanishika mimi. Nikasimama. Ngoma ikalia. Nikamwachia mkono, nikacheza hadi saa kumi na mbili! Elkana na mashine yake ya kweli alikuwa kitini, anakanda goti. Mwanangu alilia kwa furaha. Mimi pia.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetafakari. Mashine isiyofanya kazi imenichezesha saa nne! Hawa watafiti ni watu hatari, nawavulia kofia.

Nasikia Homa Bay wanaandikisha wenye maumivu ya mgongo. Wangu ni mzima kabisa. Tangu asubuhi natembea nimeinama, nizoee. Kesho nawahi foleni, niombe ya uongo kabla Elkana hajaichukua.