Shemeji, Breki na Beji ya Ghala

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Mtunza ghala wa klabu yetu ya baiskeli na shabaha amehama. Cheo kiko wazi. Beji ya shaba, ufunguo shingoni, kiti chenye mto kando ya mlango, na haki ya kumwambia mtu mzima mwenzako, "Hiyo baiskeli ni chafu, irudishe ukaioshe." Maneno hayo nimeambiwa mimi mara nyingi. Sasa nataka kuyasema.

Mwenyekiti ametangaza utaratibu. (Alikuwa mwamuzi wa mpira wa pete. Yeye amestaafu, filimbi bado.) Jumamosi tutakaguliwa vifaa, kisha tutapanda kilima kwa baiskeli, tuteremke hadi uwanja wa shabaha, na hapo ndipo tukabidhiwe bunduki tulenge visahani vya udongo vinavyorushwa angani na mtambo. Atakayevunja visahani vingi zaidi ndiye mshindi, na ndiye mtunza ghala.

Tumejitokeza wawili tu. Mimi na shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Daktari wa meno. Baiskeli yake anaisugua kwa mswaki. Mswaki! Cheni inang'aa kama mkufu wa bi harusi. Yangu iko nyuma ya nyumba na tope la mvua zilizopita. Kwenye gurudumu la nyuma limechipua jani. Mke wangu ameshauri nilimwagilie, huenda likazaa. Huyu ni mke au wakala wa kaka yake?

Mimi si mtu wa wivu. Ila fahali wawili hawakai zizi moja.

Jumanne, 4 Juni

Nimeiosha baiskeli bafuni, shemeji asinione akipita. Akili! Tope likaziba bomba. Maji yakatoka bafuni, yakapita ukumbini, yakaingia sebuleni bila hodi. Mke wangu alikuwa kwenye kochi. Aliinua miguu tu, akaendelea kunywa chai. Afadhali angepiga kelele.

Jioni, mazoezi ya shabaha kwa mpini wa ufagio. Nilimwomba anirushie vifuniko vya sufuria, akakataa. Nikarusha mwenyewe. Kurusha na kulenga kwa pamoja kunahitaji mikono mitatu. Sebule haina taa tena.

Jani nimelibakiza. Lina bidii.

Jumatano, 5 Juni

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Leo nimemwendea shemeji kliniki nikajifanya naumwa jino. Hesabu yangu ilikuwa hii: mtu akiwa kazini kwake hujisikia, na akijisikia huropoka. Ningemchota siri zote za utunzaji wa vifaa.

Sikuwa na jino bovu. Kumbe nilikuwa nalo. Shemeji alifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Ganzi ikaingia kabla sijauliza lolote. Sikukata tamaa. Mdomo wazi, nikanyoosha kidole nikakizungusha kama gurudumu, nikasema, "Mbheki? Mbheki?"

Akaelewa. Akaanza kunieleza huku mashine ya kutobolea ikipiga mayowe ndani ya fuvu langu. Nilisikia vizuri sana: "Diski za breki, shemeji..." Hapo mashine ikazidi kulia. Kisha "...mafuta kabisa!" Akatikisa kichwa kwa msisitizo. Mimi ni mwepesi wa kuunganisha.

Nimeipata! Diski ni yale mabamba membamba ya chuma yanayobanwa na breki ili gurudumu lisimame. Zinataka mafuta. Kabisa! Miaka yote hii nimeziacha na kiu, maskini.

Nyumbani mke wangu akaniuliza nilikokuwa. Nilitaka kusema nimepita kumsalimia kaka yake. Kwa ganzi ile, ikatoka nimepita kumsalia, kama maiti. Akadondosha kikombe, akampigia simu kumuuliza kama yu hai.

Yu hai.

Alhamisi, 6 Juni

Baada ya kazi, klabuni, kusafisha bunduki. Mwenyekiti anazitoa kabatini moja moja, anazifungua, anachungulia mitutu kuona haina kitu, ndipo anakukabidhi. Shemeji alikuwa na kitambaa kimoja na chupa ndogo kama ya dawa ya macho. Tone hapa, tone pale, anafuta, anatabasamu. Ubahili mtupu.

Mimi nauza samani. Nilikuja na kopo zima la nta ya dukani, ile tunayosugulia makabati wateja wakubwa wakija. Nikakipaka kitako cha bunduki kikaiva. Mwenyekiti alipoinama alijiona yeye na filimbi yake humo ndani. Shemeji akasema kitateleza begani. Kijicho!

Kisha tukalenga kidogo. Kitako kikateleza begani, kikaenda kwapani. Sikuvunja hata kisahani kimoja. Sababu: jua, upepo, na shemeji kupumua nyuma yangu kwa makusudi.

Yeye alivunja karibu vyote. Bahati.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya mafuta!

Kopo la mafuta ya baiskeli lilikuwa tupu. Nikatazama huku na huku. Mezani kwa mke wangu kulikuwa na chupa ya mafuta ya nywele, yale ya asumini, ndiyo kwanza imefunguliwa. Mafuta ni mafuta. Nikaipaka baiskeli yote: fremu, cheni, usukani, hata matairi. Diski nikazipa mara tatu, kwa heshima ya ushauri wa daktari. Zinang'aa! Nikizikaribia natabasamu, nazo zinatabasamu.

Mke wangu akaingia akitafuta chupa yake. Harufu ikampeleka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Akaitazama baiskeli. Akanitazama. Akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao. Lakini kesho, baba, hilo utalila peke yako. Mimi nimeshashiba."

Nikamwambia asubiri aone beji.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Ukaguzi ulikwenda vizuri mno. Mwenyekiti akaizunguka baiskeli yangu, akapiga chafya mara kadhaa, akasema hajaona baiskeli inayong'aa hivi wala inayonukia hivi. Shemeji akakunja uso. Nikamkonyeza. Akainama kwenye gurudumu la mbele, akainua kichwa akitaka kusema kitu. Anataka kuiba ujuzi! Nikafunika diski kwa leso yangu. Akafungua mdomo tena, filimbi ikalia.

Kupanda, shemeji aliniacha. Sikujali. Vumbi lote la kilima liliipenda baiskeli yangu, likaing'ang'ania, hadi nikafika juu nikiwa nimepanda kitu kama kuku aliyegaagaa shambani. Lakini kuteremka! Hapo nilikuwa mfalme. Nikampita shemeji kama amesimama. Nikamsikia akipiga kelele nyuma yangu, "Breki, shemeji! Shika breki!" Nikacheka kwa sauti. Anaomba nimsubiri!

Kisha nikaziona meza za uwanja wa shabaha, nikazishika breki.

Hakuna. Kama kushika sabuni bafuni. Nikashika tena kwa mikono yote na meno. Hakuna! Bunduki zote zilikuwa bado kabatini, namshukuru Mungu. Mezani alikuwepo Mwenyekiti, amepanga makasha yote ya visahani vya klabu, vya mwaka mzima, kimoja juu ya kingine. Aliponiona akapuliza filimbi. Tangu lini baiskeli ikasikia filimbi? Akaruka kando. Kwa umri wake, karuka vizuri.

Kishindo hicho wamekisikia hata nyumbani. Mke wangu anasema alikuwa anapiga pasi, akasimama, akasema, "Huyo ni wangu," akavaa viatu akaja.

Nikainuka katikati ya vumbi la visahani, la rangi ya chungwa. Nikatazama chini. Hapakuwa na kisahani kizima. Hata kimoja! Hapo akili yangu ikafanya kazi kuliko siku zote. Nikanyoosha mkono uliokuwa bado unanyooka, nikasema, "Mwenyekiti, atakayevunja vingi zaidi ndiye mshindi. Nimevunja vyote."

Mwenyekiti akasema, "Kwa bunduki!"

"Hukusema kwa bunduki," nikamwambia. "Mimi nimetumia makalio. Ni shabaha pia."

Akanipulizia filimbi sikioni hadi akaishiwa pumzi.

Shemeji ndiye aliyeniketisha, akaniosha mkono, akaufunga. Polepole, kama mtu anayenipenda. Ilinikera sana. Kisha akanong'ona, "Lakini shemeji, si nilikwambia Jumatano? Diski za breki usizipake mafuta kabisa. Hata tone."

Aha! Kwa hiyo alisema "usizipake" makusudi, wakati mashine inalia, akijua sitasikia. Mtu wa njama huyu! Na familia nzima inamwita mpole.

Mashindano yamevunjika kwa kukosa cha kuvunja. Beji amepewa yeye. Mke wangu akampigia makofi kaka yake, kisha akaja akanishika mkono mzima, akanirudisha nyumbani kwa miguu. Njiani akasema angalau nilinukia vizuri. Tukacheka. Nilicheka kidogo tu, mbavu zinauma.

Jumapili, 9 Juni

Adhabu imefika. Nisafishe baiskeli zote za klabu, na mwenye kunisimamia ni mtunza ghala mpya. Amekuja mwenyewe na ndoo, brashi laini na vitambaa. Akakaa na mimi akanieleza kwa subira: maji kidogo, mkono mwepesi, na kamwe nisitumie maji ya nguvu, yanapenya ndani ya vitovu vya magurudumu na kufukuza grisi yote. Safari hii hakukuwa na mashine. Nimesikia kila neno. Akanirudisha nyuma, akanifanya niyakariri.

Nikakariri. Akaondoka ameridhika.

Nimekaa nikawaza. Mtu akikukataza jambo kwa upole wa namna ile, ujue lina faida anayokuficha. Brashi laini itanichukua wiki nzima. Maji ya nguvu, dakika chache, nami niwe nimeketi kivulini Mwenyekiti akistaajabu.

Bahati nzuri jirani yetu ni askari wa zimamoto. Nimemtembelea jioni hii. Anasema gari lao linafanyiwa majaribio ya maji kesho, na kwa ajili yangu atalileta klabuni. Ametahadharisha kwamba mpira wake wa maji hushikwa na wanaume wanne.

Nimemwambia asihangaike kuleta watu. Nitaushika mwenyewe.