Kitabu cha Takwimu Ukweni Ihanda

Leo nimevuliwa nguo ukweni, na suti nilikuwa nimeivaa. Naandika kwa simu, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi mnisamehe. Niko kituoni hapa Ihanda nangoja gari la kunirudisha Tunduma, malori yananipulizia moshi, na mshenga wangu amekaa benchi la ng'ambo kama hatujuani.

Nianze mwanzo. Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni mtakwimu kwenye mradi wa utafiti wa kahawa. Wenzangu wanapima miche shambani, wananiletea namba, mimi nazichambua nasema mbolea hii imefanya kazi kweli au imebahatisha. Kwa kazi hiyo ninacho kitabu kinene cha marejeo cha takwimu na uwezekano, kile wanachotumia watafiti. Ni mali ya ofisi. Karatasi zake nyembamba, kingo nyekundu, jalada limeanza kung'oka, na vumbi la huku kwetu mnalijua. Basi nikakinunulia mfuko mweusi wa zipu, kama ile ya ngozi ambayo watu wanabebea Biblia. Kwa mama muuza mifuko yule yule, siku ile ile, nikanunua na mwingine kama huo kwa ajili ya Biblia yangu. (Niliona nimefanya jambo la akili sana. Hata jirani nilimwonyesha.)

Mnaanza kuona tunakoelekea? Tulieni kwanza.

Leo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwao Upendo, mchumba wangu. Baba yake ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, Kiingereza kakifundisha mpaka mvi zimeota. Kabla yangu walishakuja wachumba wawili. Wa kwanza alinuka pombe. Wa pili alikutwa na mkeka wa kubeti mfukoni, mechi zimepangwa kuanzia juu mpaka chini, na huyo hakupewa hata maji ya kunywa. Mzee kamari anaichukia kuliko nyoka. Jana Upendo aliniambia kwenye simu, sauti imekauka, "Baba akikukataa na wewe, mimi sina nguvu ya kuanza tena na mtu mwingine. Nakwambia ukweli."

Usingizi wenyewe nilipata wa mang'amung'amu.

Mshenga wangu, kaka Festo, alikuwa ameshanipa masharti. "Suti. Viatu vyeusi. Biblia mkononi. Nyumba ile mwanaume akiingia mikono mitupu wanadhani ni dalali." Sawa. Asubuhi nikavaa, nikajitazama kwenye kioo, nikachukua mfuko mweusi juu ya meza, nikafunga mlango na kuondoka huku napiga mluzi. (Mluzi, jamani!)

Tumefika Ihanda, tumekaribishwa vizuri. Sebuleni yupo mzee kwenye kiti chake, mama Upendo, na bibi amejifunika blanketi maana baridi ya Mbozi haina adabu. Yupo pia baba mdogo wake Upendo, mfanyabiashara wa mpakani, na mkewe pembeni. Baba mdogo ndiye aliyenipokea kwa shangwe, na Kibemba chake cha kuongea na wateja wa Zambia.

"Mulishani mukwai, habari bwana! Karibu mkwe!"

Mzee akamkata jicho. "Bado hajawa mkwe."

Nikachuchumaa, nikasalimia kwa adabu zote nilizofundishwa, nikakaa ukingoni mwa kochi na mfuko wangu magotini. Nilimwona mama Upendo anautazama ule mfuko, kisha anamnong'oneza bibi, bibi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaukumbatia zaidi. Jikoni kuku anakaangwa. Upendo anachungulia mlangoni, ananitabasamia. Nikajisemea, leo nimepata mke.

Festo akaanza maneno yake ya ushenga, tumepita njiani tukaona ua zuri, mnayajua. Mzee akanyanyua mkono.

"Kabla hatujasikia kilichowaleta, tuanze na Neno. Kijana, naona umekuja na silaha yako. Tusomee zaburi, fupi tu, halafu tuombe."

Nikasimama. Nikafungua zipu.

Namba!

Ukurasa mzima namba, safu kwa safu, desimali kwa desimali. Nikafunua karatasi ya pili nikitumaini miujiza. Namba. Biblia yangu iko Tunduma, juu ya meza, imetulia.

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema, "Samahani baba, nimechukua kitabu cha kazini kwa makosa." Wangecheka, wangeleta Biblia yao, tungeendelea na kuku. Ni sentensi moja tu! Lakini mimi nilitazama macho ya mama Upendo, nikaona anavyojivunia, nikashindwa. Nikakohoa. Nikainamia majedwali yangu, nikaanza kuisema ile zaburi ya mchungaji kwa kichwa, ile tuliyokaririshwa utotoni, huku kidole kinatembea juu ya desimali kana kwamba nafuata mistari.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Sauti nzito, mapumziko mahali pake. Hata mwenyewe nilianza kubarikiwa. Nilipofika katikati, kichwa kikawa cheupe. Sijui bonde linatangulia au meza. Nikaunga mstari wangu mwenyewe, kitu kama rehema zitashuka juu ya mashamba, nikasita tena, na hapo bibi aliyekuwa amefumba macho akaidaka zaburi akaimalizia mwenyewe kwa sauti kubwa mpaka amina. Nikataka kumbusu yule bibi.

"Amina," mzee akasema. Akafungua macho taratibu. "Ila kijana, kuna mstari umeusoma tofauti. Hayo mashamba mimi siyakumbuki. Hiyo Biblia yako ni tafsiri gani?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. "Tafsiri mpya, baba."

"Mpya?" Akatoa miwani mfukoni. Uso wake ukafurahi kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. "Mimi napenda sana kulinganisha tafsiri. Hiyo sijawahi kuiona. Hebu niletee."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu ilikuwa kutoka kwenye kochi mpaka kwenye kiti cha mzee. Nilimtazama Festo anisaidie. Festo alikuwa anatazama dari.

Mzee akapokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea Biblia. Akafungua.

"Namba," akasema.

Baba mdogo akajaribu kuniokoa, Mungu ambariki. "Labda umefungua kitabu cha Hesabu, kaka."

Hakuna aliyecheka. Mzee akafunua mbele. Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausogeza karibu na macho.

"Hii ni picha ya nini?"

"Dadu, baba."

"Na hizi?"

"Karata, baba. Ni za... ni mifano tu."

Akafunua tena. Safari hii alikutana na kichwa cha sura, akakisoma kwa Kiingereza chake cha ubaoni, herufi kwa herufi. Halafu akavua miwani akawatafsiria nyumba nzima. "Inasema, Kuangamia kwa Mcheza Kamari."

"Yesu wangu!" bibi akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Mama Upendo aliinuka, akachukua sahani ya maparachichi na ndizi iliyokuwa mbele yangu, akairudisha jikoni. (Kuku mwenyewe niliishia kumnusa.)

"Baba, naomba nieleze," nikasema. "Hiki ni kitabu cha kazi. Cha takwimu. Tunakitumia kwenye utafiti wa kahawa."

"Kahawa iko wapi humu?"

"Haimo, baba. Ila hii elimu mifano yake ni ya dadu na karata kwa sababu ndiko ilikoanzia."

"Ilianzia wapi?"

"Kwa wacheza kamari, baba."

(Nani alinituma niseme hivyo? Nani? Mkweli nimekuwa wakati ambao ukweli hautakiwi!)

Nikaona nazama, nikashika jani. "Lakini baba, hiyo sura inathibitisha kwa hesabu kwamba mtu akicheza kamari bila kuacha, lazima afilisike! Iko upande wako kabisa!"

Mzee akaweka kidole kwenye kichwa cha sura. "Kwa hiyo wewe unaisoma ili usifilisike."

Miaka yote ya chuo, hilo swali hatukufundishwa kujibu. Nimesimama na suti yangu katikati ya sebule ya watu, jasho linatiririka kwenye baridi ile.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe bado. Baba mdogo alikuwa ameshasogeza kiti, anachungulia kitabu begani kwa kaka yake, macho yanang'aa.

"Usifunge kaka, ngoja. Mkwe, humu mambo ya mpira yamo? Maana juzi mkeka wangu umechanika kwa timu moja tu. Timu moja, mukwai! Ilinyimwa penalti ya wazi kabisa!"

Bibi akachungulia kutoka ndani ya blanketi.

"Mkeka wako?" mkewe akauliza, polepole.

Baba mdogo alitazama mlango, akatazama dirisha. Hakukuwa na upande salama. Mzee akafunga kitabu, akavuta zipu ya mfuko mpaka mwisho, akauweka chini ya kiti chake.

"Nendeni. Mtaitwa," akatuambia.

Nikathubutu. "Baba, hicho kitabu ni cha ofisi."

"Nimesema mtaitwa."

Tukatoka. Nyuma tukamsikia baba mdogo anaapa kwa lugha tatu. Festo hakunisemesha njia nzima mpaka kituoni. Tulipofika akaniambia sentensi moja, "Mimi nimewaposea watu wengi, sijawahi kuona mtu anajikataa mwenyewe," akavuka akaenda kukaa upande wa pili. Nami nikakaa. Nikamwaza Upendo, na ile sauti yake ya jana, nikaona kabisa nimempoteza kwa sababu ya kuona aibu ya sentensi moja. Machozi yalinilengalenga, siwafichi.

Sasa hivi simu imelia. Upendo. Nimepokea nikijiandaa kuachwa.

"Baba hajakataa," akasema kwa kunong'ona.

"Amekubali?"

"Wala hajakubali. Amesema mwalimu hahukumu kitabu ambacho hajakisoma. Atatoa jibu akikimaliza."

"Akimaliza nini?"

"Kitabu chako. Amekwishachonga penseli. Yuko kwenye utangulizi."

Jamani! Kitabu cha marejeo hakisomwi hivyo! Unafungua unapopahitaji, unachukua fomula yako, unafunga, unarudi kwenye shughuli zako. Hakuna mtafiti ninayemjua aliyekisoma chote. Mimi mwenyewe kuna sura najua zipo kwa sababu tu nimeziona kwenye yaliyomo. Na Jumatatu bosi atakiulizia, nitamwambia kipo wapi? Kipo ukweni, kinasomwa?

"Halafu," Upendo akaendelea, na nikasikia anajizuia kucheka, "amesema asichokielewa utakuja kumfafanulia. Sura moja kila Jumamosi. Ukishindwa kueleza, atajua ulikuwa unabeti. Na uje na Biblia. Ya kweli."

Nimemuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe utangoja?"

"Nitangoja. Ila soma."

Basi ndugu zangu, naomba asicheke mtu. Kitabu kina sura nyingi na Jumamosi ni moja kwa wiki, kwa hiyo nitaoa lini pigeni hesabu wenyewe. Mimi leo namba sitaki kuziona.