Noti Nne na Kahawa ya Mama

Jumanne, 24 Juni
Albamu imekamilika! Noti nne za kinanda cha parokia, ndefu ndefu, na nyuma yake mawimbi ya ziwa niliyorekodi kwa shangazi kule Lundo. Hakuna ngoma. Hakuna maneno. Inajaza chumba polepole, kama moshi wa jikoni. Shida: hakuna aliyeisikiliza hadi mwisho ila mimi. Nataka mtu mmoja kabla shule hazijafunguliwa. Mmoja! Lakini kumwomba mtu naona aibu, hata jasho linanitoka.

Jumatano
Nimemtega binamu Praygod, bingwa wa bongo fleva hapa nyumbani. Niliiweka kwenye spika yake, nikajifanya nafagia. Akauliza spika imeingia maji lini. Nikanong'ona kwamba huo ni muziki. Akasema basi hata friji ya padri ina kipaji. Akazima. Ila asante, Praygod. Umeniazima spika bila kujua.

Alhamisi
Nimepata! Kesho Mama Gertruda na wenzake wanakuja kutuchambulia kahawa. Mikono ina kazi, masikio hayana. Na hawaondoki kabla ya kumaliza! Spika nitaificha chini ya kichanja cha kuanikia.

Ijumaa
Balaa. Noti ya kwanza ikatoka, wakanyamaza wote. Nilidhani wanasikiliza, nikafurahi. Kumbe wote ni wanakwaya! Kwao kinanda kikishika noti ndefu, maana yake ni moja tu: chukueni sauti. Mama Gertruda akakohoa, wakaingia na wimbo. Noti ikibadilika, nao wanahamia ubeti mwingine. Albamu nzima! Mawimbi ya Lundo hayakusikika hata kidogo. Nikajificha nyuma ya magunia nikilia. Halafu nikajikuta naimba sauti ya pili.

Mama Gertruda akainama, akaitoa spika, akaniita. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Zita mwanangu, kumbe ni wewe! Hiki kinanda kinatusubiri tuvute pumzi. Yule mpiga kinanda wa kanisani anatuswaga kama mbuzi." Akataka nirudie. Nikarudia. Shikamooni, mama zangu. Asanteni sana. Mlikaa mpaka mwisho.

Jumapili, 29 Juni
Nimeshukuru hata kwenye misa. Kweli kabisa. Lakini kusikiliza, hawakusikiliza. Waliimba! Nimekaa nikafikiri, kosa nimeliona: noti nne ni nyingi mno, zinawatia watu hamu. Nimefuta tatu. Kesho wanarudi vichanjani, nami nitawawekea hiyo moja iliyobaki, ndefu, tulivu, bila kubadilika.

Hapo hata Mama Gertruda hatapata pa kuingilia.