Kifuniko Kimoja Hakitoshi

Jumatatu, tarehe 6 Julai

Baridi ya kukata vidole. Ndoo niliyoiacha nje ya ofisi imefunga barafu juu, nimeipasua kwa spana. Sikulalamika. Dereva wa miaka tisa halalamiki.

Habari kubwa! Mwenyekiti wa bodi anakuja Ijumaa kwa treni, saa tatu asubuhi. Bosi amesema gari la kumpokea ni moja tu, na atalichagua mwenyewe saa mbili kwa macho yake. Lililo safi zaidi ndilo litakalokwenda. Dereva wake ndiye atakayekabidhiwa gari jipya mwezi ujao. Yaani mimi au Mtanashati.

Mtanashati ni dereva mwenzangu. Ana miaka mitatu tu kazini. Anavaa glovu za ngozi na anachana ndevu kwenye kioo cha pembeni. Magari yetu hayana tofauti: aina moja, mwaka mmoja, yote meusi. Lake linang'aa kwa sababu kila asubuhi anawahi kuudaka mpira wa maji. Nikifika mimi, uwanja mzima umeshakuwa dimbwi.

Leo dimbwi likaganda. Mhasibu akapita na mafaili yake, na safari yake ikaishia kwa makalio mbele ya mapokezi. Hakuumia, ila heshima. Wengine wakakimbilia kumwinua. Mimi nikakimbilia kwa Bi Kanuni, ofisa utawala, nikamwambia kwa uso wa msiba kwamba mpira ule utaua mtu. Bi Kanuni anapenda kupiga marufuku kuliko anavyopenda chai. Kufikia saa sita tangazo lilikuwa ukutani: marufuku mpira wa maji mpaka baridi iishe.

Mtanashati amelisoma mara mbili. Hajui kwamba kwenye buti la gari langu kuna chupa ya sabuni isiyohitaji kusuuzwa! Muuza vipuri amenieleza jinsi inavyofanya kazi. Kidogo kwenye ndoo ya maji, unapangusa gari, unakausha, basi. Hakuna mpira, hakuna dimbwi. Nimemmaliza.

Jumanne, tarehe 7 Julai

Ulimi wangu siku moja nitaufunga kamba.

Bi Kanuni aliniita kunipongeza kwa kujali usalama. Ningesema asante nikaondoka. Badala yake nikajigamba kwamba mimi, mama, siuhitaji hata huo mpira, nina sabuni ya kisasa. Akaweka kalamu chini. Dakika kumi baadaye nilikuwa na barua mkononi, yenye muhuri: kuanzia leo naosha magari yote mawili. La kwangu na la Mtanashati!

Mtanashati akanishika bega. "Asante sana kaka, baridi hii ingeniua." Meno yote nje. Nikamwambia usijali kaka. Moyoni nilimwambia mengine.

Nyumbani nikamweleza mama watoto. Yeye anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka mia tatu kwa siku, kwa hiyo anadhani dunia nzima ni shuka. Akaichukua chupa akasoma maandishi yote, hata yale madogo ya nyuma. Kifuniko kimoja kwa ndoo. Maji ya uvuguvugu. Anza kipande kimoja cha gari, pangusa, kausha hapo hapo, ndipo uende kingine. Kitambaa kikunjwe, na kila upande utumike mara moja tu. Akaongeza la kwake, kwamba sabuni ikizidi haisafishi, inang'ang'ania.

Nikamuuliza kwani dereva humu ndani ni nani.

"Si ni wewe, baba. Ndiyo maana nakusomea."

Mama mkwe akacheka ndani ya kikombe. Yuko kwetu wiki ya pili sasa, na hajawahi kuniambia neno baya, lakini hutazama viatu vyangu kwa muda mrefu. Basi nikamwambia kwamba Ijumaa ni mimi ninayempokea mwenyekiti wa bodi. Nimelisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Sijamaliza kula, tayari alikuwa kwenye simu na dada yake. "Ndiyo, mkwe wangu mwenyewe! Mwenyekiti!"

Sasa hata nikitaka kurudi nyuma sina njia.

Jumatano, tarehe 8 Julai

Jaribio, gari langu. Nimefuata chupa neno kwa neno ili mama watoto asipate la kusema. Kifuniko kimoja. Nikakoroga.

Povu hakuna! Hata tone! Maji yametulia tu kwenye ndoo kama ya kunawia mikono. Nimeanza kupangusa boneti mbele ya madirisha yote ya ofisi, mtu mzima anapapasa gari kwa kitambaa kibichi. Mlinzi akatoka kwenye kibanda chake akauliza nimepoteza nini. Mapokezi walikuwa wameegemea dirisha. Halafu dirisha la juu likafunguka, Bosi mwenyewe, akauliza kwa upole kabisa naanza kuosha saa ngapi.

Nikaacha hapo hapo. Boneti ilitakata, sikatai. Ilitakata sana. Lakini nani ataamini gari limeoshwa kama hakuona povu? Miaka tisa nimeosha magari kwa povu. Aliyetengeneza sabuni hii hana bosi anayemtazama kutoka dirishani.

Jioni nimepita jikoni mwa ofisi na kuchukua sabuni ya vyombo. Ya kijani. Hiyo ukiitikisa tu inajua kazi yake.

Alhamisi, tarehe 9 Julai

Mpango umekamilika. Nauandika ili siku nikizeeka niusome kwa fahari.

Gari langu: vifuniko sita, si kimoja. Juu yake sabuni ya vyombo, nusu chupa. Gari zima lipakwe povu kwa mkupuo, kuanzia paa hadi bampa, kisha liachwe nusu saa linywe vizuri. Kukausha, taulo la kuogea la mama mkwe, jeupe, zito, la kutosha kumfunika ng'ombe. Nimeliazima. Atajulishwa.

Gari la Mtanashati: kifuniko kimoja. Sitamdhulumu mtu, chupa imesema kimoja na atapata kimoja. Hakuna kuloweka. Fasta fasta, pangusa kausha, pangusa kausha, niondoke. Na vitambaa vyake ni vya mashuka makuukuu ya hospitali. Mama watoto amekaa jioni nzima akivikata na kuvikunja, kumi na viwili, akavipanga kwenye mfuko wangu kama sare za shule. Akasema, "Hivi vitakusaidia." Nimemshukuru. Ni vitambaa vizuri, ila vidogo mno kwa gari la mwenyekiti. Vinamfaa Mtanashati.

Mama mkwe amenipigia pasi shati. Mwenyewe, bila kuombwa. Nimeona haya kidogo, lakini nimevumilia.

Ijumaa, tarehe 10 Julai

Sijui nianzie wapi. Nianze na ukweli kwamba si kosa langu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa uwanjani. Majani yote meupe kwa barafu. Nilianza na la Mtanashati ili niondokane nalo. Kifuniko kimoja, maji ya uvuguvugu kutoka jikoni. Vidole vilikuwa vinauma hadi machozi, kwa hiyo sikulitazama hata mara mbili. Mlango, kausha. Mlango, kausha. Kitambaa kikichafuka nachukua kingine, viko vingi, nani ana habari ya kusuuza. Kwa muda wa saa moja tu nikamaliza. Nikalifunika turubai.

Kisha la kwangu. Jamani, povu! Laiti mtu angeliona! Lilipanda kwenye ndoo likamwagika juu ya viatu. Nikalipaka gari zima, likawa jeupe pote, waipa hazionekani. Mlinzi alitoka akapiga makofi. Huyo huyo wa juzi. Nikalitandaza taulo la mama mkwe juu ya paa ili lisije likagusa chini, nikaingia kibandani kwake kunywa chai wakati gari linakunywa povu. Tulikunywa vizuri sote wawili. Nilimweleza nitakavyolipanga gari jipya, wapi nitaweka miwani.

Nilipotoka povu lilikuwa limesimama.

Si kusimama kwa kawaida. Limeganda. Nimeligonga kwa ukucha, likalia. Gari zima limevaa ganda jeupe lenye mistari ya kijani, na taulo la mama mkwe limeshika paani, kavu kama ubao. Nimelivuta, halikuja. Saa moja na nusu. Mlango wa dereva haufunguki, raba za mlango zimegandiana. Wa abiria, hivyo hivyo. Nimevuta, nimesukuma, nimepiga magoti nikaupulizia pumzi. Nikawaza: nikiingia ndani nikawasha hita, barafu itayeyuka, na bado nina nusu saa. Buti likafunguka! Bado nilikuwa na bahati yangu. Nikaingia kwa kichwa, nikasukuma kiti cha nyuma, kikainama kidogo, mabega yakapita.

Kiuno hakikupita.

Sijui nimekaa humo muda gani. Nilisikia viatu vya Bosi kwenye ngazi. Nilisikia Bi Kanuni akieleza jambo kuhusu usalama. Kisha Bosi akauliza ile miguu ni ya nani. Mtanashati akajibu pale pale! Angeweza kusema hajui. Rafiki wa kweli angesema hajui.

Ndiye aliyenivuta. Mguu mmoja yeye, mmoja mlinzi. Nilipotoka alikuwa amelivua turubai gari lake, na sitakisahau nilichokiona. Jeusi, refu, safi. Nimejiona ndani ya mlango wake mzima mzima, na povu kwenye nyusi. Bosi alilizunguka mara moja tu. Akasema hajawahi kuona gari limeoshwa namna ile, akamuuliza Mtanashati nani ameliosha. Mtanashati akanionyesha kwa kidole. Akasema, "Ni huyu, Bosi. Mimi sikugusa."

Amenisifia mbele za watu ili kunikomoa! Bosi akanitazama, akalitazama gari langu, akanitazama tena. Hakusema neno. Wakaondoka kwenda kituoni.

Jumamosi, tarehe 11 Julai

Jua la jana mchana liliyeyusha barafu, lakini mistari imebaki kuanzia paa hadi matairi. Taulo limerudi nyumbani na rangi nyingine.

Mama mkwe amelishika kwa ncha mbili akalitazama. Akauliza, "Mwenyekiti hajambo, mkwe?" Nikasema hajambo. Simu ikaita, dada yake. Nilisubiri kuchinjwa. Akasema kwenye simu kwamba mwenyekiti amefika salama, na barabara zilikuwa mbaya sana. Kisha akaenda kuliloweka taulo. Ningependa angenitukana.

Mama watoto aliuliza vitambaa vyake vilifanyaje kazi. Nikasema vizuri. Akauliza kwenye gari gani. Nikatoka nje kutazama hali ya hewa.

Daftari hili hasomi mtu, kwa hiyo naandika: imeniuma. Si gari jipya. Ni ule ukimya wa Bosi. Miaka tisa sijawahi kusikia akinyamaza hivyo. Kama ataninyang'anya usukani, sijui kazi nyingine yoyote, na sitaki kuijua. Lakini simwombi mtu msamaha. Sabuni ndiyo iniombe mimi.

Jumatatu, tarehe 13 Julai

Nimeitwa juu. Nilivaa lile shati la pasi. Nikapiga moyo konde, nikaingia nikiwa na hoja saba.

Bosi alikuwa na chupa yangu mezani! Bi Kanuni ndiye aliyeipeleka, kama kielelezo. Bosi akasema gari jipya ni la Mtanashati, hilo limekwisha. Nikameza mate. Akasema kulikuwa na maoni kwamba nihamishiwe stoo nikahesabu maboksi. Nikameza tena, hayakuwepo. Kisha akavua miwani. Akakumbusha usiku ule wa mvua nilipompeleka mama yake hospitali, maji yamefika kwenye milango, nami sikuzima injini hata mara moja. Akasema hataki kuendeshwa na mtu mwingine.

Hoja zote saba zikanipotea.

Akasema kesho asubuhi anakwenda kumwona mama yake, na anataka nimwendeshe kwa gari lake mwenyewe, la nyumbani, jeupe. Nilioshe leo jioni. Akanisukumia chupa, akaweka kidole kwenye maandishi. Akasema nifanye vile nilivyolifanyia la Mtanashati, basi, si zaidi. Kifuniko kimoja. "Umenielewa?" Nikasema nimeelewa, Bosi. Akanipa funguo mkononi, na akafunga vidole vyangu juu yake kwa mkono wake. Nimeshuka ngazi nikiona ukungu, na haukuwa ukungu wa baridi.

Saa kumi na mbili jioni. Niko uwanjani kwake, gari jeupe mbele yangu, kipimajoto cha ukutani kimeshuka hadi chini kabisa. Naandika juu ya goti. Nimewaza sana juu ya kifuniko kimoja. Kimoja nilimpa Mtanashati, mtu nisiyempenda. Bosi amenirudishia usukani wangu, amenitetea mbele ya Bi Kanuni, amenishika mkono kama ndugu. Nikimpa kimoja na yeye, nitakuwa mtu wa namna gani?

Nimemwekea nane. Na ile ya kijani yote iliyobaki, kwa heshima.

Povu limeshapita ukingo wa ndoo. Nalipaka gari zima, kisha naliacha linywe mpaka alfajiri.